Programu za bure na za punguzo kwa mashirika ya hisani: kupitia wakala, kuomba kwa kampuni yenyewe, au kutumia programu huria?

Anayetafuta programu za bure au za punguzo kwa ajili ya shirika la hisani kwa kawaida huanza kwa kueleza shida: fedha hazitoshi, kompyuta zimechoka, wanaohitaji huduma wanazidi kuongezeka. Maelezo hayo hayana mtu wa kuyasoma. Kampuni inayotoa programu haipimi uhitaji, inapima utambulisho. Inataka kujua ninyi ni nani kisheria, nani amewaandikisha, na nani hasa atakayeitumia hiyo programu. Shirika lenye akiba nono benki na karatasi zilizonyooka litapita, na kikundi kinachohangaika bila cheti kitabaki nje. Inaudhi, lakini ndivyo mfumo ulivyojengwa, na ukilijua hilo mapema hutapoteza miezi ukibisha mlango usio wako.

Kwa ujumla njia ni tatu. Ya kwanza ni kupitia wakala anayekusanya misaada ya kampuni nyingi mahali pamoja. Anayejulikana zaidi ni TechSoup, shirika lililoanza San Francisco mwaka 1987 kwa jina la CompuMentor, wakati huo kazi yake ikiwa kuwaunganisha wataalamu wa kompyuta wa kujitolea na mashirika yasiyojua pa kuanzia. Leo linafanya kazi na washirika katika nchi nyingi. Ya pili ni kuomba moja kwa moja kwa kampuni yenyewe: Google, Microsoft, Salesforce, Canva na nyingine zina mipango yao ya mashirika yasiyogawana faida. Ya tatu ni programu huria, zile ambazo leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuzitumia, kama LibreOffice kwa kazi za ofisi, Nextcloud kwa kuhifadhi na kushirikishana mafaili, na CiviCRM kwa kumbukumbu za wanachama na wafadhili.

Nitazipima kwa mambo matano: nani anakubaliwa, uhakiki unavyokwenda, mnalipa nini hasa, nani ndani ya shirika anaruhusiwa kutumia, na nini hutokea masharti yakibadilika. Ubora wa programu zenyewe nimeuacha kando kwa makusudi. Programu nzuri msiyostahili kupewa haiwasaidii kitu.

Nani anakubaliwa

Hapa ndipo maombi mengi yanapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

*Moja kwa moja kwa kampuni.* Sharti la kwanza ni kutambuliwa kisheria kuwa shirika lisilogawana faida katika nchi mliyosajiliwa. Marekani hiyo kwa kawaida ni hadhi ya 501(c)(3) inayotolewa na mamlaka ya kodi. England na Wales ni namba ya Charity Commission, tume inayosajili mashirika ya hisani huko, au utambulisho wa mamlaka ya kodi, kwa kuwa mashirika mengi yenye mapato yasiyofika pauni 5,000 kwa mwaka hayalazimiki kujisajili na tume hiyo. Kila nchi ina karatasi yake, na kampuni nyingi zina orodha ya karatasi zinazokubalika nchi kwa nchi.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba usajili peke yake hautoshi. Ipo orodha ya wasiopokelewa, na hiyo ndiyo ya kusoma kwanza, kabla hamjaanza kumezea mate orodha ya vinavyotolewa. Google for Nonprofits haipokei taasisi za serikali, hospitali na watoa huduma za afya, wala shule na vyuo, hata kama hakuna anayegawana faida. Elimu ina mpango wake pembeni, na mfuko wa hisani wa shule, ukiwa na usajili wake, unaweza kuomba kivyake. Microsoft nayo huziweka nje taasisi za serikali na vyama vya siasa, shule huzipeleka kwenye bei zake za elimu, na huwataka waombaji wakubali tamko la kutobagua katika ajira na katika utoaji wa huduma. Tamko hilo si urembo wa fomu. Shirika ambalo katiba yake inasema huduma ni kwa waumini wa dhehebu moja tu lisome sentensi hiyo mara mbili kabla halijaweka tiki.

*Kupitia wakala.* TechSoup ina vigezo vyake vya msingi, ambavyo havitofautiani sana na hivyo, na baadhi ya misaada yake huzifikia pia maktaba za umma. Lakini kukubaliwa na wakala hakumaanishi kukubaliwa na kila mtoaji aliye nyuma yake. Kila kampuni huongeza masharti yake juu ya yale ya wakala: moja hutaka mashirika yenye bajeti isiyozidi kiasi fulani kwa mwaka, nyingine hutaka aina fulani za kazi, moja huzikataa taasisi za dini na nyingine huzipokea. Uzuri wa njia hii ni kwamba mkishahakikiwa mnaona kwa pamoja nini ni chenu na nini si chenu, badala ya kugundua moja moja kwa kukataliwa.

*Programu huria.* Hakuna wa kukukubali wala kukukataa. Free Software Foundation, taasisi inayotetea programu huria iliyoanzishwa mwaka 1985, iliorodhesha uhuru wa mtumiaji kuanzia namba sifuri, na huo wa sifuri ni uhuru wa kuendesha programu kwa kusudi lolote. Hospitali isiyopokelewa na Google inaweza kuchukua OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004, au DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, bila kumwomba mtu ruhusa. Kamati ya muda ya maafa, chama cha wafanyakazi, kikundi ambacho katiba yake bado ni rasimu: wote hapa ni sawa.

Neno moja kwa miradi inayoishi chini ya mwavuli wa shirika lingine. Cheti ni cha mwenye mwavuli, si chenu. Wako watoaji wanaokubali mwenye mwavuli aombe kwa niaba yenu, na wako wasiotaka kabisa. Ulizeni kabla ya kujaza. Kuazima namba ya usajili ya shirika mama bila makubaliano kunaweza kuwaponza wote wawili.

Uhakiki unavyokwenda

Katika njia mbili za kwanza, anayekagua mara nyingi si kampuni inayotoa programu. TechSoup huhakiki kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine, na Google hutumia Goodstack, ambayo zamani ikiitwa Percent. Mhakiki hulinganisha jina, anwani na namba mlizoandika na rejista rasmi, halafu huangalia kama anayeomba kweli ni mtu wa shirika hilo.

Tazama jinsi ombi safi linavyoweza kukwama. Cheti kina jina refu la maneno sita, tovuti inatumia kifupi cha herufi nne. Anwani kwenye rejista ni ya ofisi mliyohama. Aliyejaza fomu ni kijana wa kujitolea, kwa barua pepe yake binafsi, kwa sababu yeye ndiye anayejua mambo ya kompyuta. Kila kimoja kina sababu yake, na ndani ya shirika hakuna anayeona tatizo. Machoni pa mhakiki, huyo ni mtu asiyejulikana anayedai kuwakilisha shirika lenye jina lisilofanana na lililo kwenye rejista. Ataomba nyaraka zaidi, na ombi lake litaingia kwenye barua pepe ya kijana ambaye keshamaliza muda wake na kwenda zake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanyika kabla ya kuigusa fomu. Sahihisheni anwani na majina ya viongozi kwenye rejista. Wekeni jina kamili, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye cheti, mahali fulani kwenye tovuti, hata likiwa chini kabisa kwa maandishi madogo. Fungueni barua pepe inayobeba jina la tovuti ya shirika, na iwe ya cheo, mfano ya katibu au ya ofisi, ili mtu akiondoka isiondoke naye. (Ndiyo, mnalipia jina la tovuti ili mpewe barua pepe ya bure.) Skanini cheti, katiba na barua ya msamaha wa kodi kama mnayo, mvihifadhi pamoja.

Tofauti kati ya njia mbili hizi ni marudio. Kwa wakala mnahakikiwa mara moja na matokeo hutumika kwa watoaji kadhaa, na TechSoup hutoa hata namba maalumu ya uthibitisho ambayo baadhi ya kampuni huipokea. Mkienda kwa kampuni moja moja, kila moja ina fomu yake na swali lake la ajabu. Kwa wote, jibu huweza kuchukua siku chache au wiki kadhaa, kwa hiyo mradi unaoanza Jumatatu usiutegemeze kwenye ombi mlilotuma Ijumaa. Na uhakiki haumalizwi mara moja tu, hali yenu hukaguliwa tena baada ya muda.

Kwa programu huria mambo hugeuka: mhakiki ni ninyi. Hakikisheni mnapakua kutoka tovuti rasmi ya mradi, si kutoka kwenye tovuti ya kati iliyojaza matangazo na vidude vya ziada, na mwangalie kama mradi bado unatoa matoleo mapya.

Mnalipa nini hasa

*Kampuni.* Google Workspace for Nonprofits, yaani barua pepe, mafaili na programu za ofisi za Google, haina malipo. Canva hutoa toleo lake la kulipia bila malipo kwa watu hadi 50. Salesforce, mfumo wa kutunza kumbukumbu za wafadhili na wateja, hutoa leseni 10 chini ya mpango wake wa Power of Us. Ad Grants ya Google ni hadi dola 10,000 kwa mwezi, lakini msizione hizo kama fedha: ni matangazo ya maandishi kwenye kurasa za utafutaji, hayahamishiki kwenda kwingine, na msiyotumia mwezi huu hamyabebi kwenda mwezi ujao.

Gharama ya kweli ya njia hii hujificha kwenye kazi ya kuiweka programu sawa. Salesforce ni chombo kikubwa, na mashirika mengi huishia kumlipa mshauri ili kianze kufanya kazi inayotakiwa. Shirika la watu watatu linapokichukua kwa sababu ni cha bure, mimi huona mtu aliyepewa mbuzi wa zawadi wakati hana kamba, hana banda, na hana wa kumchunga.

*Wakala.* Mnalipa ada ya uendeshaji kwa kila bidhaa, ambayo kwa programu zilizotolewa kama msaada ni sehemu ndogo ya bei ya kawaida. Angalieni vizuri neno lililoandikwa pembeni ya bidhaa. Msaada ni jambo moja, punguzo ni jingine: punguzo la asilimia 50 bado ni nusu ya bei, na kwa programu za kukodi mtailipa tena na tena. Kabla ya kulipa ada, fungueni pia ukurasa wa kampuni husika, maana kuna vitu vinavyopatikana huko bila ada yoyote.

*Huria.* Leseni ni sifuri. Baada ya hapo inategemea programu inakaa wapi. LibreOffice inakaa kwenye kompyuta ya mtumiaji, na gharama yake ni muda wa kuizoea na usumbufu wa hapa na pale, kwa mfano kiolezo cha bajeti cha mfadhili chenye makro za Excel (amri za kujiendesha) kinapogoma kufanya kazi, au jedwali la Word linapofunguka likiwa limesogea. Nextcloud na CiviCRM zinahitaji seva, nakala za akiba, na mtu wa kuweka masasisho ya usalama kila yanapotoka. Huyo mtu ndiye bei. Akiwepo, njia hii ni rahisi mno. Asipokuwepo, ni ghali kuliko leseni.

Nani anaruhusiwa kutumia

Leseni za msaada ni za kazi za shirika. Haziuzwi, hazigawiwi kwa shirika rafiki, wala hazihamii kwenye biashara ya mwenyekiti. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba hata ndani ya shirika watu hawahesabiwi sawa. Masharti ya Microsoft hutofautisha mfanyakazi wa kuajiriwa na mtu wa kujitolea, na wanufaika wa huduma hawaruhusiwi kabisa kupewa leseni hizo. Kituo kinachofundisha vijana kompyuta hakiwezi kuchukua leseni za ofisi na kuziweka kwenye mashine za wanafunzi kisha kikahesabu ni sawa. Kwa wakala, kila mtoaji ana ukomo wake wa idadi kwa kipindi, kwa hiyo shirika kubwa linaweza kustahili na bado lisipate za kutosha wote.

Kwa programu huria swali hili halipo. Wekeni kwenye mashine 5 au 500, za wafanyakazi au za wanafunzi.

Masharti yakibadilika

Mwaka 2025 Microsoft ilitangaza kusitisha ruzuku ya leseni 10 za bure za Microsoft 365 Business Premium. Kuanzia Julai 1 mwaka huo, mashirika yaliyokuwa nazo yalitakiwa, muda wa kuhuisha ukifika, ama kulipa kwa punguzo au kuhamia Business Basic, ambayo ruzuku yake huenda hadi watumiaji 300. Kwenye karatasi, 300 ni zaidi ya 10. Mezani, Business Basic haina Word wala Excel za kusakinisha kwenye kompyuta, mnafanya kazi kupitia kivinjari au simu. Mahali ambapo intaneti hukatika mchana kutwa, hiyo ni programu nyingine kabisa.

Sisemi hili kuilaumu kampuni moja. Ruzuku hutolewa kwa hiari na huondolewa kwa hiari, iwe mmeipata kwa wakala au kwa mlango wa mbele. Wakala huwapunguzia makali kidogo kwa kuwa chini ya paa lake mna watoaji wengine wa kugeukia, lakini hana uwezo wa kumzuia mtoaji asiondoke. Kinga iliyobaki mikononi mwenu ni data: swali la kuuliza kabla ya kupokea ni namna gani mtatoa orodha ya wafadhili, barua na mafaili yenu, kwa muundo gani, na ndani ya muda gani akaunti ikifungwa.

Programu huria hazinyang'anywi, ila hazina kinga ya milele pia. Miradi huchoka. Tofauti ni kwamba msimbo hubaki wazi na wengine wanaweza kuuendeleza: LibreOffice yenyewe ilizaliwa mwaka 2010 pale waliokuwa wakiijenga OpenOffice.org walipojitenga, na Nextcloud ilitoka kwenye ownCloud kwa namna hiyohiyo mwaka 2016. Hatari iliyo karibu zaidi ni ya nyumbani: fundi wa pekee aliyeisimika seva anapopata kazi kwingine, na nywila ziko kichwani mwake.

Kulingana na hali yenu

Mna cheti, tovuti na wafanyakazi wachache, na mnachohitaji ni barua pepe, mafaili na ubunifu wa mabango: nendeni kwa kampuni zenyewe. Mahitaji yenu ni machache na ada ya wakala haiwaongezei kitu kikubwa.

Mnahitaji vitu vingi tofauti, vya kampuni ambazo hamjazoea, na mna mtu wa kufuatilia tarehe za kuhuisha: wakala atawaokolea kazi ya kujaza fomu ileile mara kwa mara. Inawafaa pia wanaotaka kuona chaguo zote pamoja kabla ya kuamua.

Bado hamjasajiliwa, au ni hospitali, shule, chama au taasisi ya serikali ambayo imo kwenye orodha za kukataliwa: anzeni na programu huria leo. Shule iangalie pia bei za elimu. Kikundi kinachosubiri cheti kihifadhi kazi zake kwa miundo inayofunguka kwingine, ili siku cheti kikitoka kiweze kuchagua upya.

Mnashughulika na taarifa nyeti, kama za wagonjwa au za watu wanaojificha kutoka kwa wanaowatesa: swali la bei lingoje. Angalieni kwanza data inakaa nchi gani, chini ya sheria gani, na nani anaweza kuifungua. Kwa wenye mtaalamu wa kudumu, seva yenu wenyewe ina mantiki. Kwa wasio naye, kampuni kubwa yenye timu ya usalama huenda ikawa salama kuliko seva isiyosasishwa iliyo chini ya meza.

Mfadhili wenu anadai ripoti kwa violezo vya Excel au Word: wapeni mhasibu na mwandishi wa ripoti leseni za punguzo, na wengine watumie LibreOffice. Hakuna sharti linalosema ofisi nzima itumie kitu kimoja.

Tayari mna ruzuku na tarehe ya kuhuisha inakaribia: ingieni kwenye akaunti ya msimamizi mkaone ni barua pepe ya nani inayopokea taarifa za kuhuisha. Futeni akaunti za walioondoka, hesabuni waliobaki, linganisheni idadi hiyo na ruzuku ya sasa na bei ya punguzo, kisha pakueni nakala ya data yote kabla ya tarehe kufika.